Ukuta wa Marekani na Kadhi wa Mwambao



Kila suala la mahakama ya kadhi linapozuka hapa nchini, ipo hoja moja isiyokosekana. Husemwa: Marekani, taifa kubwa lililoendelea, limetenganisha dini na dola, iweje ninyi Waislamu mtake kadhi katika nchi ambayo serikali yake haina dini? Hoja hii husikika bungeni na magazetini. Huku kwetu Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, ambako Waislamu ni wachache na jirani zetu wengi ni Walutheri na Wamoraviani, husikika hata gulioni penye vyungu vya Wakisi, tena kwa lugha nyepesi zaidi. Baadhi yetu huijibu kwa hamaki na wengine hunyamaza. Wachache sana huuliza: je, hayo yanayosemwa juu ya Marekani ndivyo yalivyo?

Hilo ni swali la historia, na wanazuoni wa vyuo vikuu vya Marekani wenyewe wamelichimba sana. Zamani wao ndio waliokuja kututafiti sisi. August Nimtz, mwanazuoni wa siasa wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alichapisha mwaka 1980 kitabu juu ya Uislamu na siasa katika Afrika Mashariki, ambacho sehemu yake kubwa ni habari za tarika ya Kadiriya na masheikh wa Bagamoyo. Si vibaya nasi tukazisoma habari zao kwa makini yale yale.

Ukuta uliombwa na nani?

Neno hili la "ukuta" kati ya dini na dola halimo katika Katiba ya Marekani. Limetoka katika barua aliyoiandika Rais Thomas Jefferson tarehe 1 Januari 1802, akiwajibu Wabatisti wa mji wa Danbury, jimbo la Connecticut. Msomaji na azingatie ni nani waliomwandikia. Hawakuwa watu wasio na dini. Walikuwa wachamungu wa madhehebu madogo, wakiishi katika jimbo ambalo kanisa jingine ndilo lililokuwa kanisa rasmi, nao walikuwa wamechoka kuhesabiwa kuwa uhuru wao wa kuabudu ni hisani ya wakubwa. Jefferson aliwatuliza kwa kuwaambia kuwa baina ya kanisa na serikali umejengwa ukuta. Kwa hiyo asili ya maneno hayo ni ombi la wachache wenye dini, waliotaka dola isiwaingilie.

Tena ukuta wenyewe ulikuwa mfupi. Rekebisho la Kwanza la Katiba, lililopitishwa mwaka 1791, lililizuia Bunge la taifa tu lisiweke dini rasmi, majimbo hayakuguswa. Connecticut iliendelea na kanisa lake rasmi hadi mwaka 1818, na Massachusetts hadi 1833. Anayesema kuwa Marekani ilizaliwa ikiwa imetenga dini na dola ameruka zaidi ya miaka 40 ya historia ya nchi hiyo.

Na Waislamu je? Hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni unapotufaa zaidi. Bibi Denise Spellberg, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Texas, alitoa mwaka 2013 kitabu kizima juu ya msahafu wa Jefferson. Kwa usahihi zaidi ni tarjuma ya Kiingereza ya George Sale, aliyekuwa mwanasheria wa Kiingereza, iliyotoka kwanza mwaka 1734. Na wasomaji wa jarida hili wanaijua tofauti ya tarjuma na Qur'ani. Jefferson aliinunua mwaka 1765 alipokuwa kijana anayesomea sheria. Nakala hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Keith Ellison wa Minnesota, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alipoapa Januari 2007.

Ila kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha North Carolina. Julai 1788 wajumbe wa jimbo hilo walikutana katika mji wa Hillsborough kuijadili Katiba mpya. Kifungu cha sita kilikataza mtu kutakiwa shahada ya dini fulani ndipo apewe cheo cha serikali. Wajumbe kadhaa wakaingiwa na hofu. Mmoja wao, William Lancaster, alisema kuwa huenda baada ya miaka mia nne au mia tano kiti cha urais kikakaliwa na Mkatoliki, au hata Mwislamu. James Iredell, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, alikitetea kifungu hicho, akasema huwezi kuufungia mlango uhuru wa mmoja bila kuufungia wa wote. Mkutano ule haukuipitisha Katiba. Jimbo liliikubali mwaka uliofuata, 1789.

Wote wawili walikuwa wakibishana juu ya Mwislamu wa kufikirika tu. Waislamu wenyewe walikuwa wameshafika Marekani, nao walikuwa mashambani na minyororoni. Mwaka 1807 alishushwa katika bandari ya Charleston mtu aitwaye Omar ibn Said, mzaliwa wa Futa Toro katika nchi ya Senegal ya leo, mwanachuoni aliyekwisha kusoma kwa miaka 25 kwa masheikh wa kwao. Alimtoroka bwana wake wa kwanza, akakamatwa na kutiwa gerezani mjini Fayetteville, katika jimbo lile lile la North Carolina. Gerezani aliandika ukutani kwa Kiarabu, watu wakaja kumtazama kama ajabu. Kisha alichukuliwa na ukoo wa Owen, ambao mmoja wao, John Owen, alikuwa gavana wa jimbo hilo kuanzia mwaka 1828 hadi 1830. Omar alikaa utumwani hadi kufa kwake, miaka ya 1860, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha.

Mwaka 1831 aliombwa aandike maisha yake, naye akayaandika kwa Kiarabu. Hati hiyo imo sasa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoinunua mwaka 2017. Akiisoma mwenye Kiarabu, jambo la kwanza litakalomsimamisha ni kwamba mzee huyu hakuanza na kuzaliwa kwake. Alianza na Surat al-Mulk, aliyoiandika kwa kukumbuka, na humo mna makosa ya mtu aliyekaa miaka mingi bila mwalimu wala kitabu. Mwenyewe anaomba radhi kwa lugha aliyoisahau. Watafiti wanahitilafiana juu yake, maana alibatizwa katika kanisa la Kipresbiteri: wapo wanaosema aliritadi kweli, na wapo wanaoona aliificha imani yake. Yaliyomo moyoni ayajuaye ni Mwenyezi Mungu. Lakini mtumwa anayeombwa na mabwana zake aeleze habari zake, akatanguliza sura inayotamka kuwa ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, amekwisha kusema neno juu ya nani anamiliki nini. Mwanafunzi yeyote wa lugha anaijua nasaba ya maneno "mulk" na "milki".

Mlozi na Sultani, Desemba moja

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukabaki na Mwislamu aliyedhulumiwa peke yake. Historia ya pwani hii ya Nyasa hairuhusu. Miaka ya 1880 alikaa karibu na Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, mfanyabiashara wa Kiswahili jina lake Mlozi, aliyejenga ngome na kujiita Sultani wa Wangonde. Wangonde ni ndugu za Wanyakyusa. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia na kuwaua kando ya ziwa, na wengi wakachukuliwa utumwani. Vita vyake na kampuni ya Waskoti viliendelea kwa miaka, mpaka Harry Johnston alipoivunja ngome ile mwanzoni mwa Desemba 1895. Mlozi alihukumiwa mbele ya machifu wa Wangonde, akanyongwa.

Siku chache baadaye, tarehe 14 Desemba 1895, Waingereza walitiliana mkataba na Sultani Hamed bin Thuwain wa Zanzibar juu ya ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya. Ukanda ule ukatawaliwa na Waingereza kwa jina la Sultani, na makadhi wakabaki wakihukumu ndoa, talaka na mirathi. Mwezi mmoja, mambo mawili. Mombasa Uislamu ulitambulika kwa kadhi mwenye kitabu. Karonga ulitambulika kwa ngome na mnyororo. Jirani yetu huku akilisikia neno "sharia" huenda lililomjia akilini ni Mlozi, na hatutamwondolea hofu hiyo kwa kumwambia kuwa hajui historia. Anaijua, ila ameijua kupitia mlango ule mmoja. Yafaa aelezwe kwamba Mlozi alijiita sultani bila taulia ya mtu yeyote, na kwamba kumshika mtu huru na kumuuza ni haramu kwa ijmai ya wanavyuoni.

Mwaka 2010, Nairobi na Oklahoma

Makadhi wa pwani ya Kenya waliingia katika uhuru kwa makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte: ukanda wa pwani uingie Kenya, na makadhi walindwe. Ahadi hiyo iliwekwa katika kifungu cha 66 cha Katiba. Ilikaa kimya kwa miaka mingi mpaka nchi ilipotaka Katiba mpya. Hapo viongozi wengi wa makanisa walisema kumtaja kadhi katika Katiba ni kuipendelea dini moja. Tarehe 24 Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikubaliana na hoja ya namna hiyo, wakasema kifungu cha 66 hakipatani na misingi ya taifa lisilofuata dini.

Ni wakati huo ndipo siasa za Marekani zilipotia mguu. Taasisi ya wanasheria iliyoasisiwa na mhubiri Pat Robertson mwaka 1990, ambayo kwao Marekani kazi yake kubwa ni kuwatetea Wakristo ili dini isifukuzwe mashuleni na maofisini, ilifungua tawi Nairobi na kuipinga rasimu ya Katiba, kwa sababu ya kadhi na kwa sababu ya kifungu kuhusu utoaji mimba. Kwa upande wa pili, serikali ya Rais Obama ilikuwa ikigharimia elimu ya uraia kuhusu Katiba hiyo, na Mbunge Chris Smith wa New Jersey na wenzake wakadai uchunguzi kuwa fedha za umma za Marekani zinasaidia kura ya "ndiyo". Ugomvi wa Washington ulihamia Nairobi ukiwa na pande zake zote mbili. Wakenya walipiga kura tarehe 4 Agosti 2010, na zaidi ya thuluthi mbili waliikubali Katiba. Kadhi yumo katika kifungu cha 169 na cha 170, na mamlaka yake ni hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa naye.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Novemba 2010, wananchi wa jimbo la Oklahoma huko Marekani walipiga kura ya kuzikataza mahakama zao zisiitazame sharia ya Kiislamu. Asilimia 70 hivi waliunga mkono. Haikuwepo mahakama ya kadhi Oklahoma, wala hakuna aliyeiomba. Muneer Awad, kiongozi wa jumuiya ya Waislamu wa jimbo hilo, alikwenda mahakamani, na moja ya madhara aliyoyaeleza ni wasia wake: ameandika wasia unaorejea kwenye sharia, je, akifa hakimu ataukataa kwa kuwa tu umeitaja dini yake? Jaji aliisimamisha kura ile mwezi ule ule. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye Januari 2012, na Agosti 2013 ikazuiwa moja kwa moja. Hoja ya majaji wa rufaa ilikuwa kwamba dola isiyo na dini haiwezi kuitaja dini moja kwa jina na kuinyima yale ambayo nyingine zinapata.

Nazo zinapata. Tangu mwaka 1925 ipo sheria ya Marekani ya kutambua usuluhishi: watu wawili wakiandikiana kuwa mgogoro wao wa mali utaamuliwa na mtu wanayemridhia, mahakama huitekeleza hukumu yake, na Mayahudi wamekuwa wakipeleka kesi zao kwa marabi wao kwa njia hiyo. Kwa upande mwingine, mwaka 1879 Mahakama ya Juu iliwaambia Wamormoni kuwa kuoa mke wa pili ni jinai hata kama dini yao inaamuru. Na mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo iliamua kuwa jimbo la Maine likitoa fedha za kuwalipia wanafunzi karo katika shule binafsi, haliwezi kuzibagua shule za kidini. Ukuta, basi, una milango, na milango hiyo imekuwa ikihamishwa kila kizazi.

Kwetu Tanganyika

Tukirudi nyumbani tutaona jambo la kushangaza kidogo: katika ndoa, sheria yetu inampa Mwislamu zaidi ya anachopewa Marekani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, inakubali kuwa yaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja, na inawataka wanandoa waanzie kwenye baraza la usuluhishi kabla ya talaka kufika mahakamani. Mahakama ya mwanzo nayo, kwa sheria ya mwaka 1984, ina uwezo wa kuhukumu kwa sharia ya Kiislamu.

Palipovunjika ni mwaka 1963. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ilizifuta mahakama za wenyeji, na pamoja nazo za maliwali na makadhi. Sharia ikabaki, mjuzi wake akaondolewa. Anayehukumu ni hakimu, awe ameisoma au hajaisoma. Zanzibar makadhi waliendelea, na sheria yao ya sasa ni ya mwaka 2017. Bara, ilani ya chama tawala ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia suala hili ufumbuzi. Mjadala ukawa mkali, na muswada wa kuitambua mahakama ya kadhi uliofikishwa bungeni ukaondolewa mwaka 2015.

Maoni yangu ni haya. Kudai haki ni halali, na hoja ya Marekani haiwezi kutunyamazisha, kwa kuwa Marekani yenyewe haiko kama inavyotajwa. Lakini kadhi aliyewekwa kwa kalamu ya serikali aliondolewa kwa kalamu hiyo hiyo mwaka 1963. Tena makadhi wale walikuwa hasa wa mwambao na miji michache. Huku Unyakyusa wakoloni walitawala kupitia machifu, kwa hiyo wanaposema "kurudisha" mahakama ya kadhi, kwetu ni kuleta kitu kipya. Mwislamu wa Kyela hajapata kuwa na kadhi wa serikali, na bado anakufa na kuacha mali.

Chukua mfano. Mtu ameacha mke, mabinti wawili, ndugu yake wa baba na mama, na ng'ombe 24. Bibi Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuandika mila zao, ameeleza kuwa urithi hupita kwanza kwa ndugu wa tumbo moja ndipo uwafikie watoto wa kiume; basi ng'ombe wote ni wa ndugu. Kwa faraidhi, kama ilivyo katika aya za 11, 12 na 176 za Surat an-Nisaa, mke ana thumni, yaani ng'ombe 3. Mabinti wana thuluthi mbili, yaani 16. Ndugu anachukua 5 waliobaki. Ng'ombe 19 wanakwenda huku au kule kwa jibu la swali moja la hakimu: marehemu huyu alikuwa mtu wa sheria ipi? Mahakama zetu huliuliza kwa kutazama maisha aliyoishi na nia aliyoidhihirisha. Kofia na jina la Kiarabu havitoshi ndugu wa ukoo wakija na ushahidi wa mila.

Hapa fiqhi inatupa njia mbili zisizongoja muswada. Ya kwanza ni tahkim. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa wagomvi wawili wakimridhia mtu mwenye sifa za ukadhi awe hakam baina yao, inajuzu, isipokuwa katika hudud. Na pasipokuwa na mwenye sifa kamili, wanavyuoni wamezungumza juu ya kumchukua aliye bora kati ya waliopo. Waislamu wa Lyulilo na Matema wakimridhia sheikh, wakaandika ridhaa yao na kuitia sahihi mbele ya mashahidi, wana jambo la kumwonyesha hakimu.

Ya pili ni ile aliyoifanya Muneer Awad. Mwenye mali aandike akiwa hai na mwenye akili timamu, tena mbele ya mashahidi, kwamba yeye ni Mwislamu, anaishi kwa Uislamu, na anataka mirathi yake igawanywe kwa sharia. Asiandike "mke wangu nampa kadhaa, binti yangu kadhaa", kwani wasia haumhusu mrithi ila warithi wengine wakiridhia, na kwa asiyerithi hauvuki thuluthi. Ataje madeni yake, ya kulipa na ya kulipwa, pamoja na mahari ya mkewe kama haijakwisha. Nakala moja ibaki kwa mkewe, nyingine kwa imamu wa msikiti.

Wallahu aalam.